Kuchagua nyimbo za kwaya: anza na waimbaji ulionao

Kila Jumapili kipindi cha kwaya kikiisha, simu ya studio hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni wa salamu, na huo hatuuchoki. Wa pili unatoka kwa walimu wa kwaya: "Mtangazaji, ule wimbo wa tatu uliopiga leo, nota zake nazipata wapi?" Nikiweza huwa nawajibu. Lakini miaka niliyoketi kwenye kipindi hiki, na miaka mingine kabla yake niliyosimama mstari wa sauti ya tatu, imenionyesha kwamba swali la kwanza lilitakiwa kuwa lingine: hao watu wako wanauweza?

Nilijifunza hilo kwa aibu. Kwaya niliyokuwa naimba ilialikwa kwenye tamasha, na mwalimu wetu akachagua Haleluya ya Handel, ile kutoka kwenye Masihi iliyotungwa mwaka 1741. Tena tulikuwa wanne, na mmoja wetu sauti ilikuwa bado inavunjika. Ukifika ule ukurasa ambao sauti ya kwanza inashika noti ndefu na kupanda hatua moja moja huku wengine wakijibu chini yake, hakuna mahali pa kujificha. Dada zetu walipanda hatua mbili za kwanza vizuri, ya tatu wakaisogelea kwa mbali, ya nne ikawa kelele. Sisi tena tulikuwa tumeshanyamaza. Wimbo ule hauna kosa lolote. Haukuwa wetu, basi.

Hesabu watu kabla ya kuhesabu nyimbo

Chukua daftari la mahudhurio, lakini usitazame majina yote yaliyoandikishwa. Tazama waliofika mazoezi manne yaliyopita. Kwaya nyingi za mitaani zina majina 45 na waimbaji 20. Kati ya hao 20, sauti ya kwanza na ya pili wanaweza kuwa 14, besi wanne, tena wawili. Kwaya ya namna hiyo ikipewa wimbo wa sauti nne ambao tena anaongoza mahali fulani, unawatesa wawili wale na unawaharibia wote.

Zipo nyimbo za sauti tatu, wanawake mbili na wanaume wote moja, na zipo za sauti mbili. Walimu wengi wanaziona ni za watoto. Mimi nasema wimbo wa sauti mbili ulioimbwa kwa usafi unapendeza redioni kuliko wimbo wa sauti nne wenye sauti moja inayotafutwa. Na usidharau wimbo wa kiongozi na kiitikio. Ndio mtindo wa nyimbo zetu za kazini na za ngoma tangu zamani, unawabeba waimbaji wasiosoma nota, na unahitaji mtu mmoja tu mwenye sauti ya kusimama mbele.

Baada ya idadi, pima kimo cha sauti. Kwa waimbaji wa kawaida ambao hawakusomea uimbaji, mimi natumia kipimo hiki kwenye kinanda. Sauti ya kwanza kutoka C ya kati hadi F ya oktava ya juu yake. Sauti ya pili kutoka A iliyo chini ya C ya kati hadi C ya juu. Tena kutoka C ya chini hadi E au F iliyo juu kidogo ya C ya kati. Besi kutoka G ya chini kabisa ya mstari wake hadi C ya kati. Wapo watakaozidi, na Mungu awabariki, lakini wimbo usichaguliwe kwa ajili ya mmoja.

Kuna jambo linalowapita wengi hapa. Usiangalie tu wimbo unafika wapi, angalia unakaa wapi. Sauti ya kwanza inaweza kugusa F mara moja na kushuka, hakuna shida. Ikikaa kwenye D, E na F kwa beti nne, ifikapo ubeti wa tatu shingo zimekaza na wimbo wote umeshuka nusu hatua bila mtu kujua, isipokuwa mpiga kinanda anayeingia mwishoni na kuonekana yeye ndiye aliyekosea.

Nota za herufi na uzuri wake

Kwaya nyingi za kwetu zinasoma nota za d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulianzia kwa mwalimu mwanamke wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akauendeleza na kuusambaza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari wakaja nao Afrika ukashika mizizi. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ambaye wimbo wake wa mwaka 1897 ndio uliotupa lahani ya wimbo wa taifa letu, alikuwa akiandika nyimbo zake kwa nota hizi hizi.

Uzuri wake kwa mwalimu anayechagua nyimbo ni kwamba kubadilisha ufunguo hakugharimu kitu. Karatasi ikiandikwa Do ni G na wewe unaona sauti ya kwanza itaumia, fanya Do iwe F au E. Maneno ya nota hayabadiliki hata moja. Mwenye nota za mistari mitano lazima aandike upya au abonyeze kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kinanda. Ila kabla ya kushusha, msikilize besi. Ukimwokoa dada wa juu kwa kumzika kaka wa chini hujafanya kitu.

Udhaifu wake ni mashine ya fotokopi. Oktava ya juu na ya chini zinaonyeshwa kwa alama ndogo sana iliyokaa pembeni ya herufi, na nukta inayogawa pigo katikati ni ndogo vilevile. Nakala ya nakala ya nakala inazimeza zote. Nimeona kwaya ikibishana wiki nzima kama "s" ni ya juu au ya chini, kumbe karatasi ya kwanza ilikuwa wazi. Tafuta nakala safi, hata ikibidi kuandika upya kwa mkono. Na tazama juu kabisa ya ukurasa: jina la mtunzi, ufunguo na mwendo huandikwa pale, na ndipo mashine inapokata kwanza. Hili la jina nitalirudia.

Simu inadanganya

Siku hizi wimbo hauchaguliwi kwenye karatasi, unachaguliwa kwenye simu. Mtu ameusikia mahali, ameutuma kwenye kundi la kwaya, kesho watu wanaanza kuuiga. Kwa kuwa naishi studio, niruhusu niseme siri kidogo. Kwaya unayoisikia kama ya watu 40 inaweza kuwa ni watu wanane waliorekodiwa mara kadhaa, sauti juu ya sauti. Penye noti iliyopotea, kompyuta imeinyoosha. Hata kimo unachosikia kinaweza kuwa kimepandishwa baada ya kurekodi ili wimbo uchangamke. Ukiuiga ulivyo, unaiga kitu ambacho waimbaji wale wenyewe hawakukiimba hivyo.

Sikiliza rekodi ujue wimbo unakwendaje, kisha tafuta nota. Usipozipata, mwombe mtunzi. Watunzi wengi wako hai, wako kwenye parokia na mitaa yao, na hufurahi kuombwa.

Maneno yaketi kwenye lahani

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji akisema Mwokozi, uzito uko kwenye "ko". Haleluya, uko kwenye "lu". Sasa chukua wimbo uliotafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza, ambako lahani ilitungwa kwa maneno mengine kabisa, uone pigo zito linaangukia wapi. Mara nyingi linaangukia silabi ya mwisho, na Bwana anakuwa "bwaNA". Vitabu vyetu vya zamani vimejaa hayo na tumeyazoea, siwezi kusema tuviache. Tenzi za Rohoni tumekulia nazo. Lakini ukiwa unachagua wimbo mpya uliotafsiriwa, usome kwanza kwa sauti kama shairi huku ukipiga pigo kwa kidole. Ukiona unalazimika kupindisha ulimi kila mstari, msikilizaji wa kanisani hatashika neno.

Angalia pia zile "m" na "n" zinazosimama peke yake. "Mtu" ni silabi mbili, m na tu. "Nchi" ni mbili, na uzito uko kwenye n. Mtunzi anayejua lugha huipa m noti yake. Asiyejua huibana, na waimbaji wanaishia kuimba "chi".

Ndiyo sababu ya kuthamini kazi za watunzi wa kwetu, wala si uzalendo tu. Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu kabla hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungua mlango mwaka 1963 kwa muziki wa kila taifa, na mwaka huo huo akatoa kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa Walutheri, Mfurahini Haleluya ni wimbo wa Pasaka ambao maneno yake yaliandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966 kwa lahani ya Kihaya. Leo umo kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, umetafsiriwa. Safari hii ni wao wanaohangaika kuweka maneno yao kwenye lahani yetu.

Mahali pa kupata

Kwa nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili, tovuti ya Swahili Music Notes ina hazina kubwa ya nota katika PDF, zimepangwa kwa watunzi na kwa nafasi ya wimbo katika Misa: mwanzo, katikati, matoleo, komunyo na kuendelea. Upangaji huo usaidie, lakini usome maneno mwenyewe. Wimbo wa shangwe wenye Aleluya hauimbwi Kwaresima hata kama umeandikwa "mwanzo".

Kwa kazi za zamani za Ulaya ipo maktaba ya CPDL, iliyoanza mwaka 1998, na IMSLP iliyoanza mwaka 2006. Zote mbili hupakuliwa bure. Kama kwaya yako inataka kuonja Kilatini, Ave verum corpus ya Mozart ya mwaka 1791 ni mahali pazuri pa kuanzia: mistari yake ni vipimo 46 tu, mwendo ni wa taratibu. Ugumu wake ni pumzi na utulivu, na hayo ndiyo mafunzo yenyewe.

Programu ya MuseScore nayo ni ya bure kwenye kompyuta. Unaandika nota, inakupigia sauti moja moja, unaweza kuipunguza kasi au kuibadilisha ufunguo, kisha unamtumia kila mwimbaji sauti yake kwenye simu. Usiichanganye na tovuti yenye jina hilo hilo, ambako nota nyingine hulipiwa.

Gharama ya karatasi nayo ipigie hesabu mapema. Wimbo wa kurasa sita kwa waimbaji 30 ni kurasa 180. Kama fotokopi mtaani kwako ni shilingi 100, hiyo ni 18,000 kwa wimbo mmoja. Ukichagua nyimbo saba kwa haraka na kuacha nne, umetupa fedha ya mfuko wa kwaya. Mimi ningechukua nyimbo mbili ambazo kwaya inazimaliza ndani ya mazoezi matatu, na mmoja mgumu wa kusuguana nao msimu mzima.

Jina la mtunzi

Nimeahidi kulirudia. Siku moja nilipokea rekodi, karatasi ikasema jina la kwaya tu. Hewani nikasema wimbo ni "wao". Kabla haujaisha, simu ikaita. Mzee mmoja, kwa adabu kabisa, akasema: "Mwanangu, huo wimbo niliutunga mimi, mke wangu akiwa mgonjwa." Sikuwa na la kujibu. Niliomba radhi hewani jioni ile, na wale waimbaji nao walikuwa hawajui. Karatasi yao ilikatwa juu.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Handel alifariki mwaka 1759, Sontonga mwaka 1905, hao hawadai. Mtunzi wa parokia ya jirani anadai, na kurekodi, kupanga upya au kutafsiri wimbo wake kunahitaji ruhusa yake. Ombeni kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unaotunzwa. Maswali ya usajili yanajibiwa na COSOTA.

Kwa hiyo mkileta rekodi hapa studio, andikeni jina la mtunzi wa maneno, jina la mtunzi wa lahani kama ni mwingine, aliyepanga sauti, na namba ya simu ya mwalimu. Lahani ikiwa ni ya asili, andikeni ni ya kabila gani na mliitoa kwa nani. Rekodi zinapokelewa mapokezi siku za kazi, kwenye flashi au kwa simu, na tunazisikiliza zote.