Nani Mwenyeji? Hoja Dhidi ya Ziara ya Siku Moja katika Makazi ya Wazee

Kila inapokaribia tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, makazi ya wazee nchini Tanzania hupata wageni kwa wingi. Vikundi vya akina mama, wafanyakazi wa benki, wanafunzi na waumini huteremka na magunia ya mchele, katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kula. Risala husomwa, picha hupigwa, mzee mmoja huombwa atoe neno la shukrani, na kabla ya adhuhuri gari limeshaondoka. Mambo huwa yale yale Ramadhani na wiki ya Krismasi. Makala haya hayawabezi wanaotoa. Mchele huliwa na sabuni hufulia. Yanachohoji ni dai linalofuatana na misafara hiyo, kwamba kumtembelea mzee ni jema kwa namna yoyote ile, na kwamba ziara isipomfaa basi walau haimdhuru.

Kwamba upweke humdhoofisha mzee, sioni wa kulibishia. Wala hakuna mgogoro juu ya Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayoiweka familia na jamii mbele katika malezi na kuyafanya makazi kuwa kimbilio la mwisho. Ugomvi uko kwenye namna, na hapo ndipo wengi hujificha nyuma ya utafiti mmoja mashuhuri. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin waliwagawa wakazi 91 wa nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao yamo mikononi mwao, wakachagua mmea wa kutunza na usiku wa kutazama filamu. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea, lakini wa kuumwagilia ni muuguzi. Baada ya miezi 18 walikuwa wamefariki 7 kati ya 47 upande wa kwanza, na 13 kati ya 44 upande wa pili. Takwimu hizo hunukuliwa kama aya ya msahafu. Kisichonukuliwa ni sahihisho lililochapishwa baadaye, lililoonyesha kuwa tofauti hiyo ya vifo haikuwa na uzito wa kitakwimu uliodaiwa mwanzoni. Anayejenga hoja nzima juu ya vifo vile anajenga juu ya mchanga.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi ni wa Richard Schulz, uliotoka mwaka huo huo na usiopendwa na waandishi wa risala. Schulz aliwachukua wazee 40 wa nyumba ya wastaafu na kuwapangia makundi manne. Kundi la kwanza lilitembelewa na wanafunzi wa chuo kikuu, na wazee wenyewe waliamua mgeni aje lini na akae muda gani. Kundi la pili halikuamua, ila liliarifiwa mapema. La tatu lilipata ziara zilizolingana kwa idadi na muda, lakini mgeni alizuka tu. La nne halikutembelewa. Baada ya miezi miwili, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na afya na furaha zaidi. La tatu halikutofautiana kwa maana na lile ambalo halikupata mgeni hata mmoja. Yaani ziara ile ile, kijana yule yule mcheshi, saa zile zile, lakini bila taarifa ikawa kama haikuwapo.

Kisha utafiti ukaisha na wanafunzi wakaenda zao. Schulz na Barbara Hanusa waliporudi kuwapima wazee wale, mara ya mwisho ikiwa miezi 42 baadaye, walioporomoka walikuwa wa makundi mawili yaliyonufaika. Wale ambao hawakupewa kitu hawakuwa na cha kupoteza. Watafiti walilitafuta jibu katika jinsi wazee walivyojieleza mabadiliko yao: neema ilitoka nje, kwa mtu ajaye na kuondoka, ilhali wenzao wa Connecticut walihimizwa kuamini kwamba uwezo ni wao.

Nitaambiwa kuwa wazee 40 ni wachache, kwamba ni Wamarekani wa nusu karne iliyopita, na kwamba mzee wa kwetu amelelewa kupokea mgeni asiyebisha hodi wiki nzima kabla. Pingamizi la kwanza nalikubali. Hilo la mwisho nalikataa, kwa sababu linasahau mgeni huyo hupokelewa wapi. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” ni methali inayomtaka mzee awe mwenyeji: ana kizingiti chake, mkeka wake, chai yake. Kwenye makazi, kizingiti ni cha serikali au cha kanisa, na ratiba ni ya afisa ustawi wa jamii. Mzee huketishwa kwenye benchi amsubiri mtu asiyemwalika. Huko ni kugeuzwa mgeni nyumbani kwako.

Kwa hiyo swali la kumsaidia mkazi wa makazi ni swali la kumrudishia uenyeji. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, yanifundisha zaidi kuliko magunia mia, kwani fedha iliyo mfukoni mwa mzee humwezesha kumwagizia mgeni kitumbua. Huko Deventer, Uholanzi, nyumba ya Humanitas imekuwa tangu 2012 ikiwapa wanafunzi vyumba bure, nao hutoa saa 30 kwa mwezi kuwa majirani wema wa wazee. Siupendi mfano huo kwa ukarimu wake. Naupenda kwa sababu mwanafunzi analala humo humo, na mzee ajua mlango wa kugonga.

Ikiwa Schulz yuko sahihi hata nusu, msimamizi wa makazi ana haki ya kukikatalia kikundi kisichokusudia kurudi, pamoja na mchele wake. Najua hakuna atakayethubutu, bajeti zikiwa zilivyo. Basi tuanzie kwenye daftari la wageni pale getini. Lina safu ya jina, taasisi, na vitu vilivyoletwa. Iongezwe safu ya tarehe ya kurudi, na kalamu apewe mzee.