Nani Alisema 20?

Kuna namba moja ndani ya Linux inayonifanya niamini kwamba vitu vingi tunavyoviita sheria vilianza tu kama ukubwa wa sanduku. Hiyo namba ni 20.

Twende pole pole. Mwaka 1989 Steve Deering wa Stanford aliandika RFC 1112, waraka ulioeleza maltikasti: kompyuta inatuma ujumbe mara moja tu, na kila mashine iliyojiunga na kikundi inaupata. Kazi ya kunakili inafanywa na mtandao wenyewe. Masoko ya hisa kama Nasdaq husambaza bei hivyo.

Sasa, soketi moja, yaani mlango mmoja wa programu kuingia mtandaoni, ijiunge na vikundi vingapi? 4.4BSD, mfumo uliotoka Berkeley mwaka 1993, ulijibu: 20. Sababu iliandikwa kando ya hiyo namba: orodha lazima itoshe ndani ya mbuf moja, kisanduku kidogo cha kumbukumbu. Mbuf ya kawaida ilikuwa na nafasi ya baiti 108. Kila kikundi kilichukua baiti 4, kwa hivyo 20 ni baiti 80, ongeza 8 za maelezo mengine. Inatosha. Hiyo ndiyo hekima yote.

Linux nayo ikaweka 20. Mpaka leo igmp_max_memberships inaanzia hapo, na Linux hata haitumii mbuf! Ni kama kununua basi kubwa halafu unamkataa abiria wa 15 kwa sababu matatu yako ya kwanza ilikuwa na viti 14.

Programu ikijaribu kikundi cha 21, kerneli inajibu kwamba nafasi ya bafa imeisha. Mashine ina RAM kibao, na wewe uko hapo unatafuta kumbukumbu imeenda wapi. Noma.

Sisemi mipaka iondolewe. Kila kikundi kinakula kumbukumbu, na programu moja mbovu inaweza kuchosha mashine nzima. FreeBSD baadaye ilipandisha mpaka wake hadi 4095, haikuufuta. Linux pia inakuruhusu kubadilisha, lakini ni wangapi hugusa huo mpangilio? Anayechagua namba ya kuanzia ameshaamua kwa niaba ya wengi.

Kwa hivyo ukiandika programu, weka mpaka, na uandike sababu kando yake kama wale wa Berkeley. Sababu ikifa, namba nayo ipumzishwe.