Apollo 13: Siku nne za wahandisi kuhesabu umeme, maji na pumzi

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA yapata saa 3:00 usiku wa Aprili 13, 1970, kwa saa za Houston, Marekani, wakati waongozaji wa safari walipomtaka mwanaanga Jack Swigert awashe feni za kukoroga oksijeni iliyokuwamo katika matangi ya chombo cha Apollo 13. Ilikuwa kazi ya kawaida, ambayo ilikwisha kufanywa tangu chombo hicho kiruke siku mbili kabla.

Dakika moja na nusu baadaye ulisikika mshindo.

Chombo kilikuwa kimekwisha kusafiri zaidi ya kilometa 320,000 kutoka duniani kuelekea mwezini, kikiwa na watu watatu: Kamanda James Lovell, Swigert na Fred Haise. Tangi namba 2 la oksijeni lilikuwa limelipuka. Mlipuko huo ulibandua ubavu mzima wa sehemu ya nyuma yenye mitambo, na tangi namba 1 nalo likaanza kuvuja.

Oksijeni katika chombo kile haikuwa ya kuvuta pumzi tu. Ilichanganywa na haidrojeni ndani ya mitambo mitatu midogo, na mchanganyiko huo ndio uliozalisha umeme pamoja na maji ya kunywa na ya kupoza vyombo. Kwa hiyo tangi lilipopasuka, wanaanga hao walianza kupoteza hewa, umeme na maji kwa wakati mmoja.

Wapo wanaosema kuwa namba 13 ndiyo iliyoleta mkosi, kwani safari ilianza saa 13:13 kwa saa za Houston. Kwa hesabu yetu ya saa za Kiswahili hiyo ilikuwa saa 7:13 mchana tu, na mkosi wenyewe, kama tutakavyoona, ulikuwa umetengenezwa kiwandani miaka kadhaa kabla.

Katika ukumbi wa kuongozea safari mjini Houston, mhandisi wa zamu aliyesimamia umeme na hewa alikuwa Sy Liebergot. Alichokiona kwenye kioo chake hakikuingia akilini. Tangi moja lilisoma sifuri na mitambo miwili kati ya mitatu ya umeme haikuwa ikifanya kazi, yote kwa mara moja. Chombo kilikuwa kimeundwa kwa namna ambayo kuharibika kwa vitu vingi kiasi hicho kwa pamoja kulidhaniwa hakuwezekani, hivyo dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba vipimo ndivyo vilivyoharibika, si mitambo yenyewe.

Ilikuwa dhana ya haki. Lakini Lovell alipochungulia dirishani aliona hewa ikifuka kutoka chomboni na kupotelea angani, na hapo shaka ikakoma.

Kiongozi wa zamu, Gene Kranz, mwenye umri wa miaka 36, aliwataka watu wake watulie na wasiharibu zaidi kwa kubahatisha. Uamuzi wake mkubwa usiku ule ulihusu njia ya kurudi. Injini kubwa ya chombo ingeweza kuwageuza wanaanga na kuwarudisha nyumbani moja kwa moja, lakini ilikuwa katika sehemu ileile iliyolipuka na hakuna aliyejua hali yake. Kranz akaamua wazunguke mwezi kwanza, ingawa njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi.

Muda mfupi baadaye zamu ya Glynn Lunney ilishika ukumbi. Wanaotazama filamu humsahau Lunney, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo si haki, kwani ni zamu yake iliyowahamisha wanaanga kutoka chombo kikuu, Odyssey, na kuwaingiza katika Aquarius, chombo kidogo kilichokusudiwa kuwashusha wawili kati yao mwezini. Aquarius ilikuwa na oksijeni yake, betri zake na injini yake. Ilipokuwa tayari kutumika, umeme wa Odyssey ulikuwa umebakiwa na takriban dakika 15.

Katika dakika hizo ilibidi kunakili pembe za mwelekeo kutoka kompyuta ya Odyssey na kuziingiza katika ile ya Aquarius. Bila hizo chombo kisingejua kimeelekea wapi. Vyombo hivyo viwili viliunganishwa vikitazamana, kwa hiyo tarakimu zilihitaji kugeuzwa kwa hesabu. Lovell alizikokotoa kwa kalamu na karatasi, kisha akaiomba Houston imhakikishie kama amejumlisha na kutoa sawasawa. Wahandisi wakahesabu na kumjibu kuwa yuko sahihi.

Aquarius iliundwa kuhifadhi watu 2 kwa siku 2 hivi. Sasa ilitakiwa kuhifadhi watu 3 kwa karibu siku 4.

Injini yake, ambayo kazi yake ilikuwa kupunguza kasi wakati wa kutua mwezini, iliwashwa kwanza kwa zaidi ya sekunde 30 ili kukirudisha chombo katika njia ambayo mvuto wa mwezi ungekizungusha na kukielekeza duniani. Kwa njia hiyo wangeangukia Bahari ya Hindi, ambako Marekani haikuwa na meli za kutosha za uokoaji. Saa 2 baada ya kupita nyuma ya mwezi, umbali ambao hadi wakati huo hakuna binadamu aliyewahi kuufikia, injini iliwashwa tena kwa zaidi ya dakika 4. Safari ikapungua kwa saa 9 hadi 10, na mahali pa kuangukia pakahamia Bahari ya Pasifiki.

Kranz alikuwa amekwisha kuwaondoa watu wake kwenye zamu na kuwafungia chumbani na makabrasha. Kazi ya kugawa umeme alimkabidhi John Aaron, mhandisi wa miaka 26, ambaye Novemba 1969 alikuwa ameinusuru Apollo 12 kwa agizo moja la kubadili swichi baada ya roketi yake kupigwa na radi. Kila mtaalamu aliyetaka mtambo wake uachwe ukiwaka alipaswa kujieleza kwa Aaron, na wengi walirudi mikono mitupu.

Vyombo vyote visivyo vya lazima vilizimwa, hata matumizi ya Aquarius yakashuka hadi kiasi cha ampea 12 katika mfumo wa volti 28. Msomaji anayetaka kupata picha akumbuke pasi ya umeme ya kawaida ya kunyooshea nguo: wanaanga watatu waliishi kwa theluthi moja hivi ya umeme inaoutumia.

Bila joto la mitambo, ubaridi ndani ulishuka hadi nyuzi 3 za Selsiasi na kuta zikatoa jasho la maji. Kila mtu alijibana kwa chini ya robo lita ya maji ya kunywa kwa siku, kwani maji hayo yalihitajika pia kupoza vyombo. Watatu hao kwa pamoja walipungua kilo 14, na Haise alipata homa kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo.

Hatari iliyofuata ilitoka katika pumzi zao wenyewe. Hewa ya ukaa wanayoitoa wanaanga hunaswa na mikebe yenye kemikali ya lithiamu haidroksaidi. Mikebe ya Aquarius haikutosha watu 3. Odyssey ilikuwa nayo mingi, lakini ilikuwa ya mraba, ilhali matundu ya Aquarius yalikuwa ya mviringo. Makampuni mawili tofauti yaliunda vyombo hivyo, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja kimoja kingeazima mkebe wa kingine.

Mhandisi Ed Smylie na wenzake walipewa kazi ya kuunganisha mraba na duara kwa kutumia vitu vilivyokuwamo chomboni tu. Walitumia mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mipira ya hewa ya mavazi ya wanaanga na utepe wa gundi. Walitengeneza kifaa hicho Houston, wakakijaribu, kisha maelekezo yakasomwa kwa redio hatua kwa hatua, nao wanaanga wakakitengeneza wakisikiliza. Kiwango cha hewa ya ukaa, kilichokuwa kikipanda kuelekea hatari, kikaanza kushuka.

Kwa mwandishi huyu, hata hivyo, kazi ngumu kuliko zote ni ile ya Aaron na wenzake. Aquarius haikuwa na ngao ya joto, hivyo wanaanga walilazimika kurudi Odyssey kabla ya kuingia katika anga la dunia, na Odyssey ilikuwa imezimwa kabisa, baridi na mbichi kwa unyevu. Hakuna aliyewahi kuiwasha ikiwa katika hali hiyo angani. Ilikuwa na betri 3 tu za kutumia saa za mwisho, na moja ilikwisha kupungua. Wahandisi walipata njia ya kuichaji kwa umeme wa Aquarius, kisha wakaandika kwa siku 3 utaratibu wa kuwasha ambao kwa kawaida ungechukua miezi.

Ken Mattingly aliusaidia kuupima katika chombo cha mazoezi. Yeye ndiye aliyepaswa kusafiri badala ya Swigert, akaondolewa siku chache kabla kwa hofu ya rubela, ugonjwa ambao hakuupata. Swigert aliuandika utaratibu huo wote kwa mkono, akisomewa kutoka duniani.

Swichi zilipowashwa, hakuna waya uliopiga shoti licha ya maji yaliyokuwa yakichuruzika. Nyaya hizo zilikuwa zimewekewa kinga bora baada ya moto wa Apollo 1 kuwaua wanaanga 3 Januari 1967.

Walipoikata sehemu ya mitambo, wanaanga waliona kwa mara ya kwanza ubavu uliobanduka. Wasiwasi ukawa juu ya ngao ya joto, iliyokuwa imepakana na sehemu hiyo. Wakati wa kuingia angani redio hunyamaza kwa dakika chache, na safari hii ilinyamaza kwa zaidi ya dakika moja kupita ilivyotarajiwa. Kisha sauti ya Swigert ikasikika, na Aprili 17 meli ya USS Iwo Jima iliwaopoa wote watatu wakiwa hai. Siku iliyofuata Rais Richard Nixon alikwenda Houston kuwatunuku nishani waongozaji wa safari.

Kampuni ya Grumman, iliyounda Aquarius, iliipelekea iliyounda Odyssey hati ya madai ya utani, ya zaidi ya dola 312,000, kwa huduma ya kuvuta chombo kilichoharibika njiani.

Filamu iliyotoka mwaka 1995 ilimweka mdomoni Kranz usemi kwamba kushindwa hakukubaliki. Usemi huo uliandikwa na watunzi wa filamu, na Kranz akaupenda kiasi cha kuufanya jina la kitabu chake cha mwaka 2000.

Na chanzo? Tume iliyoongozwa na Edgar Cortright ilikigundua katika wiki chache. Mwaka 1965 iliamuliwa kwamba matangi yaweze kupokea umeme wa volti 65 yakiwa katika kituo cha kurushia. Swichi ndogo za kukata umeme wakati joto linapozidi zilibaki zilezile za volti 28, na wakaguzi wote hawakuliona hilo.

Mwaka 1968 tangi hilo liliponyoka kiwandani na kuanguka kiasi cha sentimeta 5. Machi 1970, baada ya jaribio, likakataa kumwagika oksijeni kama kawaida, mafundi wakaamua kuichemsha kwa hita zake kwa saa 8. Swichi ziligandiana, joto likapanda hadi nyuzi 500 hivi, na kipimo kilichokuwa mbele ya fundi hakikuweza kusoma zaidi ya nyuzi 27. Ganda la nyaya za feni liliungua. Kuanzia hapo tangi lilingoja cheche tu.

Tangi la tatu la oksijeni liliwekwa mbali na mengine mawili, feni zikaondolewa, na betri kubwa ya akiba ikaongezwa. Februari 5, 1971, Apollo 14 ilitua Fra Mauro, mahali palepale Lovell na Haise walipokuwa wamepangiwa kutua.