Popo wa Migunga, Hifadhi ya Buffalo Springs

Mgeni anayesikia habari za popo wa nchi kame huuliza pango liko wapi. Hapa, Kaunti ya Isiolo, atazame juu, kwenye migunga ya kando ya mto Ewaso Ng'iro. Popo mwenye mabawa ya manjano hahitaji giza la pango. Mchana hujining'iniza tawini, mara nyingi dume na jike wake, macho makubwa wazi, masikio marefu yakicheza huku na huku. Atakuona kabla hujamwona. Giza likiingia hazururi angani ovyo: hutega sikio akiwa tawini, humrukia mdudu anayepita, kisha hurudi kumla. Mgunga unapochanua huvuta wadudu, na hao ndio riziki yake. Anayeukata kwa ajili ya makaa humnyima popo malazi na chakula kwa shoka moja.

Wapo watakaosema popo huleta maradhi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: mgonjwa wa kwanza wa virusi vya Marburg wa mwaka 1980 na yule wa 1987 walikuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Lakini virusi hivyo vimehusishwa zaidi na popo walao matunda wanaosongamana mapangoni kwa maelfu, si hawa wanaokaa wawiliwawili mitini. Hata huko Elgon, kinga ni kutoingia ovyo pangoni, wala si kuwafukizia popo moshi. Hapa ni rahisi zaidi: usiwashike, usitikise matawi. Zima injini, chukua darubini, anza na mgunga wenye maua.