Saanane si saa nane

Samahanini kwa kimya, mitihani ilinibana. Sasa imekwisha, na Jumamosi mimi na wenzangu watatu tulienda Kisiwa cha Saanane. Jamani, huu ni mwaka wangu wa pili Mwanza, kisiwa nakiona kila nikishuka mjini, ila sijawahi kukikanyaga. Aibu kwa mtu anayesomea ualimu wa Historia!

Boti tulipandia Capri Point. Ni kama kilomita mbili tu kutoka mjini, hujakaa vizuri mmeshafika. Kule ni mawe makubwa yaliyopandana na miti iliyoshonana katikati yake. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, hawana hata habari na wewe. Ukitulia unasikia maji ya ziwa yakipiga mawe, na kwa mbali honi za magari ya mjini.

Mwenzetu mmoja akauliza kama boti ya kurudi ni saa nane, ndiyo maana kisiwa kikaitwa hivyo. Tulicheka sana, lakini kusema kweli hata mimi sikujua jina limetoka wapi. Aliyekuwa anatutembeza akatuambia Saanane ni mtu: Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, ndiye aliyekuwa mwenye kisiwa. Mwaka 1964 serikali ilifungua hapo bustani yake ya kwanza ya wanyama nchini, mzee akawa amehamia nchi kavu. Watu wa mjini wakapata pa kuona wanyama bila kwenda Serengeti, na kisiwa kikawa pia kituo cha kuwaweka wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na 2013 Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini. Ukijumlisha na maji yake ni kilomita za mraba 2.18 tu.

Wenzangu walienda kupiga picha, mimi nikakaa kwenye jiwe nikimuwaza bibi yangu. Naye alihama, enzi za Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Alikotoka kulikuwa na mwembe wake na kaburi la mtoto wake. Leo ukipita hapo hakuna wa kukuambia palikuwa kwa nani. Mzee Saanane angalau jina lake limebaki, ingawa wengi tunalitaja tukidhani ni saa.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Andalio langu la kwanza nilikuwa nimeliandika juu ya Mkutano wa Berlin wa 1884. Nimeliweka pembeni kidogo. Nitaanza kwa kuwauliza wanafunzi: hapa tulipokaa palikuwa kwa nani? Wakamuulize bibi au babu nyumbani, kesho yake waje na jibu.

Na mimi likizo hii naenda kwa bibi na daftari. Tuonane nikirudi.