Samaki wa Mwalimu sebuleni



Mgeni akiingia kwangu huku Uingereza, kwanza hutazama tangi la samaki, halafu huuliza yule mwekundu anaitwaje. Nikimjibu "Pundamilia nyererei" hudhani namtania.

Si utani. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka, Witte-Maas na Witte, wataalamu wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza Ghuba ya Mwanza, walimtangaza kisayansi wakampa jina la Nyerere. Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake wakamtia katika jenasi mpya, Pundamilia. Kiswahili kitupu! Kwa wavuvi wa Mwanza, lakini, yeye na jamaa zake wote walikuwa furu tu, samaki wa maskini, wa kuanikwa juani.

Habari ya sangara mnaijua. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, na furu wa maji ya wazi wakateketea. Furu wa kwenye mawe, kama huyu wetu, walinusurika zaidi. Wao wakapatwa na balaa jingine: maji kuchafuka. Utafiti uliotoka mwaka 1997 ulionyesha kwamba jike humtambua mume kwa rangi. Maji yakiwa na tope haoni vizuri nani mwekundu, nani wa buluu, na spishi mbili huishia kuwa moja.

Nami nimelifanya hilo hilo kwa mikono yangu, tena katika maji safi kabisa. Niliweka nyererei pamoja na binamu yake wa buluu, Pundamilia pundamilia, kwa sababu walipendeza. Dume mwekundu akafa. Majike wake wakabaki na wa buluu, na asiye na chaguo humchukua aliyepo. Jike akaatamia mayai kinywani karibu wiki tatu, nami nikashangilia. Watoto walipokua, hawakuwa wekundu wala wa buluu. Na wakati huo nilikwisha wagawia marafiki, kwa jina la Mwalimu.

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Tunajisifu kwamba matangi yetu ya ughaibuni yanahifadhi kilichopotea nyumbani. Yanahifadhi pale tu mfugaji anapotunza nasaba. Nyererei wa kisiwa cha Makobe si sawa na wa kisiwa kingine, na asili ikishasahaulika hairudi.

Kwa hiyo anayetaka tangi la mchanganyiko aweke furu wa spishi moja, dume mmoja na majike kadhaa, kisha aongeze samaki wa ukoo wa mbali, kama gogogo. Aandike wametoka kisiwa gani. Akimpa mtu samaki, ampe na karatasi hiyo.

Wale niliowagawia nimewapigia simu mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamekwisha wagawia wengine.