Waya wa manyoya: kifaa, jina lake na ua lisilohitaji gundi

Kwenye maduka ya vifaa vya shule mijini huuzwa pakiti za vijiti laini vya rangi mbalimbali, kila kimoja kirefu kama rula ya sentimita 30. Ndani mna waya mwembamba. Nje yamesimama manyoya mafupi pande zote. Mtoto akikitia mkononi hatulii nacho: hukipinda, akakizungushia kidole, akapata pete. Waingereza na Wamarekani hukiita pipe cleaner. Mwalimu anayetaka kuandika kwa Kiswahili somo la kutengeneza maua hukwama kwenye orodha ya vifaa. Mkasi upo, penseli ipo, na hiki je? Akiandika "waya", wazazi wataleta vipande vya waya wa umeme. Akiandika "vijiti vya rangi", zitaletwa kalamu za nta. Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, pengo hili huonekana ubaoni kabla halijaonekana kwenye kamusi.

Makala haya yanatetea istilahi ya waya wa manyoya. Sababu yake ni kwamba jina hilo linataja jinsi kifaa kilivyoundwa, na huo muundo ndio unaoliwezesha ua kusimama bila tone la gundi.

Kilivyoundwa

Kwangua manyoya kwa ukucha kwenye ncha moja, uangalie kilichobaki. Utaona nyaya mbili zilizopotwa pamoja. Kiwandani, nyuzi fupi hulazwa katikati ya nyaya hizo mbili, kisha nyaya zikapotwa kwa nguvu. Kila duru inabana fungu lake la nyuzi na kuligeuza pembe kidogo kuliko fungu lililotangulia, ndiyo maana manyoya yanaelekea kila upande ingawa mwanzoni yalilazwa sambamba. Hakuna kilichogandishwa. Burashi ya kuoshea chupa ya mtoto mchanga hutengenezwa vivyo hivyo, na burashi ndogo ya kupaka maskara pia.

Anayefahamu kamba za usumba za pwani ataitambua kanuni hii mara moja. Mapote mawili ya makumbi yakizungukana hushikana kwa msuguano, na kadiri kamba inavyovutwa ndivyo yanavyozidi kubanana. Tofauti ni kwamba kamba ikiachwa bila kufungwa ncha hufumuka, ilhali waya hukaa kama ulivyopindwa.

Kazi ya kwanza ya kifaa hiki haikuwa ya watoto. Kilibuniwa Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, na wanaotajwa kuwa wabunifu wake ni J. Harry Stedman na Charles Angel. Mvuta kiko ana shida ya mrija: moshi huacha humo majimaji na masizi mazito, na mrija ukiziba kiko hakivutiki. Waya uliovishwa pamba hupenya kwenye mrija uliopinda, pamba ikafyonza majimaji na kukwangua uchafu. Waya ulihitajika uwe laini ili upinde, na mgumu kiasi ili usukumike. Sifa hizo mbili ndizo zilizokifikisha kifaa mezani kwa watoto. Cha watoto kwa kawaida kina unene wa milimita 6, na manyoya yake ni ya poliesta iliyotiwa rangi kali, isiyofyonza chochote.

Majina yanayogombea

Njia ya kwanza ni kutafsiri neno kwa neno: kisafisha kiko. Kisarufi ni neno safi, na lina ndugu wengi walioundwa kwa kiambishi ki-, kama kiyoyozi na kikokotoo. Lakini linamtaka mtoto wa miaka sita aanze na maelezo ya tumbaku ndipo afike kwenye ua. Wapo watakaosema kwamba jina la kazi iliyokwisha halina ubaya, na ushahidi wanao. Neno meli lilitoka kwa Waingereza kama jina la merikebu iliyobeba barua. Leo meli hubeba makontena na abiria, na hakuna anayelalamika. Hoja hiyo ni nzuri, ila inasahau jambo moja. Watu wa pwani waliijua merikebu ya barua kabla barua hazijaihama, kwa hiyo jina lilikua pamoja na kitu. Waya wa manyoya umetufikia ukiwa tayari ni kifaa cha sanaa. Tukiuita kisafisha kiko tutakuwa tumeazima kumbukumbu ya watu wengine.

Njia ya pili ni kutohoa: paipuklina. Kutohoa si dhambi. Kompyuta ilishindana na ngamizi na tarakilishi, na wengi wakabaki na kompyuta. Tatizo hapa ni kwamba paipu tayari ina makao katika Kiswahili cha mitaani: ni bomba la maji. Fundi bomba akisikia paipuklina atafikiria kizibuo cha sinki.

Njia ya tatu ni chenili. Maduka ya sanaa ya Ulaya na Marekani hupenda jina hili, na asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya kiwavi. Wafaransa waliutazama uzi wenye manyoya wakamwona mdudu. Ni ufundi uleule uliotupa sisi kifaru cha vita: kitu kipya kilitazamwa umbo na nguvu zake, kikapewa jina la mnyama. Lakini chenili ikiingia Kiswahili kwa kutoholewa, kiwavi hubaki Ufaransa. Sikio la Mswahili halisikii mdudu wala manyoya. Zaidi ya hayo, chenili ni jina la uzi na la kitambaa cha mapazia na makochi. Anayeagiza chenili dukani anaweza kupewa kitambaa cha kukatwa kwa mita.

Inabaki njia ya nne: kueleza kitu kwa maneno ambayo msikilizaji anayo tayari. Waya ni kiini, manyoya ni vazi. Kuna atakayeuliza kama waya wa manyoya si waya uliotengenezwa kwa manyoya, kama koti la manyoya. Kihusishi cha -a ni kipana kuliko hapo. Shati la mikono mirefu halikushonwa kwa mikono mirefu, linayo. Anayeona bado kuna utata aandike waya wenye manyoya pale anapokitaja kwa mara ya kwanza, kisha aendelee na umbo fupi. Kwa kufuata kamusi, waya ni wa ngeli ya U-ZI: waya huu wa manyoya, nyaya hizi za manyoya. Katika mazungumzo wengi husema "waya hii". Maandishi ya shule yashike ngeli moja tangu mwanzo hadi mwisho wa somo.

Jina likipimwa kwa ua

Istilahi ya kazi za mikono hupimwa mezani. Ua lifuatalo lina petali sita, na mtoto wa miaka sita au saba hulimaliza bila kusaidiwa sana.

Nyaya mbili za rangi ya petali zikatwe katikati. Zinatoa vipande vinne vya sentimita 15. Ua moja linataka vitatu, na cha nne anapewa jirani. Kunatakiwa pia waya mmoja mzima wa kijani kwa ajili ya kikonyo, na kipande cha njano cha sentimita 10 cha kitovu cha ua. Kukata ni kazi ya mkubwa, tena kwa koleo au mkasi mkuukuu, kwani waya humaliza makali ya mkasi mzuri. Kila ncha iliyokatwa ikunjwe nusu sentimita kurudi nyuma ili chuma kijifiche ndani ya manyoya. Hatua hiyo isirukwe: ncha tupu huchoma kidole, na hatari kubwa zaidi ni jicho.

Vipande vitatu vipishanishwe katikati viwe kama nyota ya miale sita. Waya wa kijani ukunjwe katikati, uninginizwe juu ya makutano ukishika vipande vyote vitatu, kisha miguu yake miwili ivutwe chini na kupotwa duru tatu za kukaza kabisa. Hapo ndipo penye siri ya ua zima. Manyoya ya kijani yanaingia kati ya manyoya ya petali na kubanwa humo, wakati waya wa ndani umekwisha kubadilika umbo na haurudi. Darasani, mwalimu akisema "pota mara tatu, kisha vuta uone", kila mtoto anajipima mwenyewe. Petali ikiteleza, duru zililegea. Dawa ni kuongeza duru.

Kisha kila mwale upindwe hadi ncha yake irudi katikati, izungushwe mara moja kwenye shina la mwale wenyewe. Kimepatikana kitanzi, na kitanzi ndicho petali. Kikionekana chembamba, kipanuliwe kwa kupitisha penseli ndani. Kipande cha njano kiviringwe kama konokono, kikiachiwa mkia wa sentimita 3. Mkia upenyezwe kati ya petali mbili, ushuke chini na kuzungushwa kwenye kikonyo. Mwishoni miguu miwili ya kijani ipotwe mpaka chini, kikonyo kiwe kinene na imara.

Laiti gundi ingetumika, kila kiungo kingesubiri kukauka, manyoya yangegandamana, na petali iliyokaa vibaya isingerekebishika. Gundi ya kuyeyusha kwa bunduki yake hushika haraka, lakini huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi, na hilo si joto la vidole vya watoto. Waya wa manyoya unamruhusu mtoto kukosea na kufumua. Ruhusa hiyo ina mpaka wake: waya ukipindwa na kunyooshwa mara nyingi mahali palepale huwa mgumu, kisha hukatika. Mtoto afundishwe kufumua kwa kurudisha duru nyuma polepole, asivute kwa nguvu.

Vitenzi viko tayari

Jina la kifaa ndilo lililokuwa halipo. Kwa upande wa vitendo Kiswahili kina akiba kubwa. Kupinda ni kubadili mwelekeo wa waya. Kukunja ni kuulaza sehemu moja juu ya nyingine, kama tulivyofanya kwenye ncha. Kupota ni kuzungushana kwa viwili, kila kimoja kikimzunguka mwenzake. Kuzungusha, katika kazi hii, ni kimoja kukizunguka kingine kilichotulia. Kuviringa ni waya kujizunguka wenyewe. Mwongozo unaosema "kunja" kila mahali humchanganya mtoto: akikunja palipotakiwa kupota, petali zitamdondokea. Kwa sehemu za ua, petali imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi, na kikonyo ni neno ambalo wakulima wa karafuu hawahitaji kufundishwa.

Istilahi ya kueleza umbo ina faida nyingine pale pakiti ya dukani inapokosekana. Chukua waya mwembamba wa sentimita 60, uukunje katikati kwenye msumari uliopigiliwa ubaoni, ulaze vipande vya uzi wa kufumia vya sentimita 2 kati ya pande zake mbili, ufunge ncha kwenye kijiti na kukizungusha. Pande hizo zikipotana, nyuzi zitabanwa na kusimama. Punguza kwa mkasi palipozidi urefu. Kilichopatikana hakikuwahi kusafisha kiko, wala hakina uhusiano na kiwanda chochote cha chenili, lakini ni waya wa manyoya kwa kila kipimo. Kwa watoto waliozoea kuunda magari ya waya, ambayo nayo hushikana kwa kupotwa, ni hatua fupi tu.

Mipaka ya neno

Waya wa manyoya usitumiwe kwa kila chenye waya na nywele. Chenye nywele ngumu za kusugulia, na mpini, kibaki burashi. Mapambo marefu ya kumetameta ya Krismasi hupotwa kwa kanuni hiyohiyo, ila vazi lake ni vipande vya karatasi ya plastiki, nayo hayana manyoya. Walezi wa watoto walio chini ya miaka mitatu wanapaswa kusikia neno waya ndani ya jina na kulichukulia kama onyo: kifaa ni laini kwa nje tu, na manyoya yake hunyofoka yakafika mdomoni.

Kuhusu mvuta kiko, yeye aendelee kuagiza kisafisha kiko. Anachokihitaji ni cha pamba inayofyonza. Akipewa cha poliesta cha rangi ya waridi kitasukuma majimaji ndani ya mrija bila kuyatoa. Kiingereza kimeziweka bidhaa hizo mbili chini ya jina moja kwa sababu ya historia yake. Kiswahili, kilichozikuta zimekwisha achana, kinaweza kuzipa majina mawili tangu mwanzo.